Hivi mjomba, kumbe unasomea kucheza?

Nikienda nyumbani Kikuyu, hapa hapa Dodoma, kabla sijakaa vizuri mjomba wangu lazima aanze, "hivi mjomba, hiyo kozi yako ya kucheza na watoto mnafanya mtihani au mnakimbizana uwanjani?" watu wote kicheko, na mi nacheka nao maana ukiiangalia kwa nje inachekesha kweli, mtu mzima, afisa ustawi wa jamii na digrii yake, kakaa sakafuni anapikiwa ugali wa mchanga na mtoto wa miaka sita afu jioni anaandika ripoti ya kurasa mbili. Sasa naona na marafiki mmeanza kuniuliza hivyo hivyo inbox, nimeona niandike mara moja kuhusu hii tiba ya mchezo ninayosomea, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mjomba nilishamwambia kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009, pale inapotaja wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na humo humo kuna haki ya kucheza na kupumzika. Akasema hiyo sheria bado haijafika Kikuyu.

Haya. Tiba ya mchezo ni ushauri nasaha wa watoto, hasa wa miaka 3 mpaka 12 hivi, ila badala ya kukaa kwenye kiti na kuongea mtoto anacheza na mtaalamu yupo naye hapo hapo. Sababu yake ni ya kawaida tu, mtoto wa miaka mitano aliyeshuhudia mama yake akipigwa usiku ukimuuliza "una tatizo gani baba?" atakwambia "sina" na ataangalia vidole vya miguu yake, sio kwamba anaficha, hana hayo maneno. Mpe midoli na sufuria mbili tatu, kaa kimya, utaona nani anapigwa, nani anajificha chini ya kitanda, nani anakuja kuokoa na nani haji kabisa. Wazungu waligundua hili zamani, wataalamu wa saikolojia ya watoto Anna Freud na Melanie Klein walikuwa wanatumia mchezo tangu miaka ya 1920, na London kulikuwa na daktari anaitwa Margaret Lowenfeld aliyewawekea watoto trei la mchanga na boksi la vitu vidogo vidogo, watoto wenyewe ndo wakaanza kuvipanga vile vitu mchangani wakijenga dunia zao, yeye akapata akili ya kuwaacha wajenge. Afu Marekani akaja Virginia Axline, 1947, akaweka kanuni 8 ambazo mpaka leo ndo tunakaririshwa: mkubali mtoto kama alivyo, yeye aongoze wewe ufuate, usimharakishe, weka mipaka ile tu ya lazima na kadhalika. Zikisomwa darasani zinaonekana nyepesi mno, mtu unaweza ukadhani umeshafaulu.

Vifaa navyo havina makuu. Garry Landreth wa University of North Texas, ambaye wengi waliosoma fani hii wamepita kwenye maandishi yake, anavigawa mafungu matatu: vya maisha ya kila siku, vya kutolea hasira, na vya kuumba au kuchora. Kwa hapa Dodoma ukipita Sabasaba kwenye mitumba ya midoli unapata karibu vyote, sufuria ndogo, simu mbovu, basi, bomba la sindano lisilo na sindano, nyoka wa mpira, bastola ya plastiki (ndio, bastola, wazazi huwa wanashtuka), krayoni, udongo wa kufinyanga tunachota wenyewe. Midoli ya dukani yote ni mizungu ya nywele za njano kwa hiyo fundi mmoja wa Majengo anatushonea ya kitenge, kuna bibi, kuna baba, kuna mama mwenye mtoto mgongoni. Na nyumba. Vitabu vya mafunzo vinasema uwe na nyumba ya midoli, mtu akatuletea moja ya ghorofa ina ngazi na jiko la mzungu, watoto wa vijijini walikuwa wanaizunguka tu wanaishangaa. Tukamwambia fundi seremala atutengenezee nyumba ya paa la bapa kama tembe, na ua, na zizi pembeni, na ng'ombe na mbuzi wa udongo. Tangu hapo hiyo ya ghorofa inakaa juu ya kabati. Kwa mtoto wa Kigogo zizi ni sehemu ya familia bana, kuna kesi ambazo mambo yote yanatokea zizini na humo ndani ya nyumba hakuna mtu anaingia.

Vitu vya betri hatuweki, gari linalojiendesha lenyewe linamfanya mtoto awe mtazamaji.

Sasa ugumu. Ugumu wa kozi hii hauko kwenye midoli, uko kwa mtu mzima wa Kitanzania. Sisi tumezoea mtoto akikuona akuamkie, akae vizuri, ajibu anachoulizwa, na wewe kazi yako ni kumuuliza na kumfundisha. Chumba cha mchezo kinageuza yote hayo kwa dakika 45. Huulizi maswali. Hufundishi, mtoto akisema ng'ombe anataga mayai basi humo ndani anataga. Unachofanya ni kuonyesha kwa maneno mafupi kwamba unamuona, "umemtoa nje", "sasa mmefunga mlango", "anaogopa huyo", na unanyamaza sana. Hata kusifia hairuhusiwi kienyeji enyeji, ukisema "waoo mchoro mzuri" kuanzia hapo anachorea wewe, atakuwa anakuangalia usoni kila akiweka rangi, kwa hiyo unasema "umeweka nyekundu nyingi, umekazana mpaka umemaliza", sifa abaki nayo yeye.

Na watoto wetu wenyewe wakiingia mwanzoni hawaamini. Anasimama mlangoni mikono nyuma, "mwalimu nichukue?" kila kitu anaomba ruhusa, nikae, nishike, nichore nini. Unamjibu "humu unaweza kuamua mwenyewe" na anasubiri, anadhani ni mtego, kuna ambao wiki ya kwanza na ya pili wanasimama tu wanagusa ukingo wa meza. Afu siku moja anafunguka na hapo ndo mtihani unakuja kwako wewe, maana akishafunguka anaweza kukupa amri kama wewe ndo mtoto, "kaa chini! nyamaza! leo huli!" kwa sauti ya mtu fulani ambayo unajua kabisa hakuitunga, kaisikia mahali. Mtu mzima aliyelelewa kwa shikamoo moyo unapanda. Ukimkemea umeshafunga mlango, hatarudia tena, na ulichokuwa unakitafuta wiki zote ndo hicho alichokuwa anakuonyesha.

Haimaanishi anafanya anavyotaka. Mipaka ipo na ina fomula yake ya hatua tatu, unataja hisia, unataja mpaka, unampa njia nyingine: "Naona umenikasirikia sana. Mimi sio wa kupigwa. Hilo gunia unaweza ukalipiga." Basi. Hakuna "nitakusemea kwa mama yako", hakuna kibao. Mi nimeona hii hatua ya tatu ndo inayokosekana kwenye malezi yetu mengi, "acha!" tunaijua vizuri, ila ile hasira aipeleke wapi hatusemi.

Kuna mtu atasema si mumuache acheze tu huko nje na wenzake, kombolela na rede zipo bure. Kweli, na mtoto ambaye hana shida, hiyo ndo dawa yake tosha kabisa. Ila kuna mchezo uliokwama. Mwaka 1976 huko Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa kwenye basi lao la shule wakafukiwa chini ya ardhi ndani ya trela, wakatoka wote wazima, na daktari wa magonjwa ya akili Lenore Terr akawafuatilia kwa miaka kadhaa, akaona wengi wanacheza tukio lile lile kwa kulirudia rudia bila furaha na bila kupata nafuu. Ukishaelezwa hiyo ukikutana nayo unaijua. Mtoto anazika mdoli, anafukua, anazika, anafukua, uso hauna kitu, wiki hii hivyo na wiki ijayo hivyo. Huyo kumuacha peke yake na mchezo wake sio kumsaidia, anahitaji mtu anayejua lini akae tu naye na lini aingie kidogo, mfano kumuuliza yule aliyezikwa anahitaji nani aje. Kujua hilo "lini" ndo kozi yenyewe.

Na ndo maana nakasirika kidogo (naruhusiwa, blogu yangu) na hizi semina za siku mbili hotelini, unapewa begi, chai, cheti cha "mtaalamu wa tiba ya mchezo", Jumatatu mtu ameshabandika bango. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya bodaboda kwa sababu aliwahi kupakiwa. Chama cha wataalamu hawa cha Marekani, Association for Play Therapy, kipo tangu 1982, ili wakusajili wanataka uwe na masters na leseni ya afya ya akili, juu yake masaa 150 ya mafunzo, masaa 350 ya kuwa na watoto wenyewe na masaa 35 ya kusimamiwa. Sisemi tuige kila kitu, masters na leseni kwa huku ni habari nyingine na tukisubiri hiyo watoto watazeeka, lakini kusimamiwa hakuna mjadala. Kikao kinarekodiwa video kwa idhini ya mlezi, superviza anaiangalia na wewe mtandaoni, anaisimamisha hapa na pale, "hapa kwanini umeongea? nani alikuwa hawezi kuvumilia ukimya, mtoto au wewe?" Mtandao wa chuo ukikata katikati ya swali kama hilo mtu unashukuru Mungu.

Tafiti sasa, maana kuna kaka mmoja aliniambia hii ni saikolojia ya kubembeleza tu haina ushahidi. Ushahidi upo mwingi kuliko nilivyotegemea. Mwaka 2001 LeBlanc na Ritchie walikusanya tafiti 42, na 2005 Sue Bratton na wenzake wakakusanya 93 za kuanzia miaka ya 1950 mpaka 2000, wakapata ukubwa wa matokeo 0.80. Kwa lugha ya kijiweni, mtoto wa katikati aliyepata tiba anakuwa ameendelea vizuri kuliko watoto kama 79 kati ya 100 ambao hawakupata. Sio ndogo hiyo. Ila soma na upande wa pili, uchambuzi wa 2015 wa Lin na Bratton ulioangalia tafiti 52 za ile aina ya kumuachia mtoto aongoze ulipata 0.47, ambayo ni ya wastani, na tafiti nyingi za fani hii zina watoto wachache, zinalinganisha na watoto waliokuwa foleni wakisubiri tiba, na sehemu kubwa zilifanyika Marekani.

Lakini kuna namba moja humo ndani ya ile ya 2005 ambayo mimi ndo imenikamata na sijawahi kuiacha. Tiba ikifanywa na mtaalamu matokeo 0.72. Ikifanywa na mzazi aliyefundishwa na kusimamiwa, 1.15. Mzazi! Na ile ya 2001 nayo ilisema mambo mawili yanayobeba matokeo ni mzazi kushirikishwa na idadi ya vikao. Najua mtu wa takwimu atasema mara nyingi mzazi aliyefundishwa ndo huyo huyo anajaza fomu ya kusema mtoto kabadilika, lazima aone mazuri, na nakubali sehemu ya hiyo 1.15 inaweza kuwa hapo. Hata ukiipunguza bado ina maana kubwa kwetu huku, na nitakwambia kwanini.

Tafiti hizo hizo zinasema tiba inafika kileleni kwenye vikao kama 30 mpaka 40. Haya chukua bibi wa kijiji cha Chamwino anayelea mjukuu, mama wa mtoto yuko Dar anafanya kazi za ndani, baba hajulikani. Mwambie aje mjini kila wiki kwa wiki 35, nauli kwenda na kurudi ya watu wawili, kipindi cha kulima humo humo, kipindi cha njaa humo humo. Haji. Atakuja mara mbili akikuheshimu sana mara tatu, na sisi kwenye ripoti tutaandika "mteja hakutoa ushirikiano".

Njia ya kufundisha wazazi ilianzishwa na mume na mke, Bernard na Louise Guerney, miaka ya 1960, baadaye Landreth na Bratton wakaifupisha iwe mikutano 10, kikundi cha wazazi sita mpaka nane, masaa mawili kila wiki. Mzazi anafundishwa yale yale ya chumbani, kufuata, kutaja hisia, ile mipaka ya hatua tatu, afu nyumbani anampa mtoto mmoja dakika 30 kwa wiki na boksi la midoli ambalo halitolewi siku nyingine. Dakika 30 tu, ila ni zake, simu imezimwa. Kuna na zoezi dogo zaidi nalipenda sana, mtoto akija kukusumbua upo na shughuli unamgeukia mzima mzima kwa sekunde 30 unamsikiliza kweli, afu unarudi kwenye shughuli yako. Nilimpa mama mmoja anauza chipsi Nkuhungu, akaniambia mtoto aliyekuwa anamvuta khanga jioni nzima sa hivi anakuja, anasikilizwa, anaondoka zake.

Mabibi ndo nilidhani watagoma. Mmoja alinijibu, "mjukuu wangu, mimi nikae chini nicheze na huyu, majirani si watanipeleka Mirembe?" (kwa msio wa huku, Mirembe ni hospitali yetu ya akili, ipo tangu 1927, na kila mtoto wa Dodoma ameshatishiwa nayo). Nikamwambia bibi wewe si ndo ulikuwa unatutambia hadithi na vitendawili jioni, nani alikupeleka Mirembe? Akafikiria. Akasema ile ilikuwa yeye ndo anaongea. Nikaona huyu ameshaelewa kozi nzima kwa sentensi moja.

Kitu kingine lazima nikiseme maana kinaleta shida kila mwezi. Watu wanaleta mtoto wanataka "umtoe siri", mama anahisi mtoto kafanyiwa kitu, au ndugu wana kesi ya talaka, wanataka mimi nimchezeshe afu niandike mtoto kasema hivi. Hapana jamani. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hivi wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, kwa hiyo wasiwasi wa wazazi sio wa bure hata kidogo, lakini mahojiano ya ushahidi ni kazi nyingine na watu wake wengine, dawati la jinsia na watoto polisi au kituo cha mkono kwa mkono hospitali (pale wanapohudumia waliofanyiwa ukatili). Mdoli kuvuliwa nguo sio ushahidi, watoto wote wanavua midoli nguo. Na ukianza kumchombeza mtoto "ni anko ndo alikufanya hivi?" umeharibu tiba na kesi umeiua kwa mkono wako. Mtoto akisema mwenyewe bila kuulizwa, unaandika maneno yake yale yale, humbani, na unatoa taarifa, sheria inamtaka kila mtu atoe. Asiyejua aanzie wapi apige 116, ni bure.

Wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mnaonitafuta kuomba mada ya utafiti, tafadhali msiniletee tena dodoso la "mtazamo wa walimu kuhusu umuhimu wa michezo", mtazamo tunaujua, wote watajibu ni muhimu sana. Njoo upime kitu. Chukua walezi wa vijiji viwili vitatu, nusu waanze mikutano sasa, nusu wasubiri waanze baadaye, tumia fomu ya SDQ, ile ya kupima hisia na tabia za mtoto, ina maswali 25 na ya Kiswahili ipo, na muhimu kuliko yote fomu ijazwe pia na mwalimu wa darasani ambaye hajui mlezi yupi kaanza, hapo ndo tutajua ile 1.15 inabaki ngapi ikifika Chamwino.

Sisi kikundi cha kwanza tunaanza baada ya mavuno, Juni hivi, maana mvua ikishanyesha mabibi wote wako shambani na siwezi kuwalaumu. Maboksi tayari, kila moja lina familia ya kitenge, ng'ombe, sufuria, simu mbovu, krayoni na nyoka, ingawa mabibi wawili wameshasema nyoka haingii kwenye nyumba yao hata awe wa mpira, tumekubaliana wao wapewe fisi. Ukumbi kanisa wametupa bure ila Jumatano kuna mazoezi ya kwaya, kwa hiyo itakuwa Alhamisi saa nane. Na mwenye simu mbovu zisizo na betri aniletee, bado zinapungua tatu.